Ligi ya Uganda na umbali wa West Nile: kwa nini Arua ilipoteza vilabu viwili, na Koboko bado inasubiri

Kwa misimu miwili mfululizo, 2021/22 na 2022/23, jiji la Arua lililoko kaskazini magharibi mwa Uganda lilikuwa na vilabu viwili katika Ligi Kuu ya nchi hiyo: Onduparaka na Arua Hill. Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, halikuwa na hata kimoja. Onduparaka ilishuka daraja mwaka 2023, Arua Hill ikafuata mwaka 2024, na timu iliyoirejesha kanda ya West Nile katika ligi hiyo haikutoka Arua. Ni Calvary, klabu ya wilaya jirani ya Yumbe, iliyopanda kwa ajili ya msimu wa 2025/26.

Mashabiki wengi hueleza mabadiliko hayo kwa kutaja makocha, wachezaji waliouzwa au penalti iliyonyimwa. Hayo yana nafasi yake. Lakini chini yake kuna jambo ambalo halibadiliki kila msimu: namna ligi ilivyochorwa juu ya ramani, na umbali ambao klabu ya West Nile hulazimika kuusafiri ili kubaki ndani yake.

Ngazi na milango yake

Soka la Uganda husimamiwa na shirikisho la FUFA na limepangwa kwa ngazi. Juu kabisa kuna Ligi Kuu yenye timu 16. Chini yake kuna daraja la pili, linaloitwa Big League. Kisha zinafuata ligi za kanda nane, West Nile ikiwa mojawapo, na chini ya kanda kuna ligi za wilaya, ambako klabu changa ya Koboko, Maracha au Zombo huanzia.

Mlango mgumu zaidi uko kati ya kanda na daraja la pili. Bingwa wa West Nile kwa kawaida hapandi moja kwa moja, bali hukutana katika mchujo na mabingwa wa kanda nyingine, kwa kuwa nafasi ni chache kuliko mabingwa. Timu inaweza kutawala kanda yake mwaka mzima, ikashindwa katika siku chache za mchujo, na kurudi kuanza upya.

Ukivuka mlango huo, ramani hubadilika ghafla. Hadi hapo, safari ndefu ya timu ya Koboko ni kwenda Nebbi, Pakwach au Adjumani. Kuanzia hapo wapinzani wako nchi nzima. Kwa miaka kadhaa Big League iligawanywa katika makundi mawili, Elgon na Rwenzori, na timu za West Nile zikawekwa katika moja ya makundi hayo yenye majina ya milima iliyo mbali nazo. Baadaye makundi yaliondolewa na kukawa na jedwali moja. Jedwali moja hupima uwezo kwa usawa zaidi, kwani kila timu hukutana na kila mwenzake. Lakini pia hufuta unafuu pekee ambao mgawanyo wa kijiografia ungeweza kuupa upande uliotengwa.

Hesabu ya basi

Kutoka Arua hadi Kampala ni takriban kilomita 500 kwa barabara. Katika ligi ya timu 16, kila timu husafiri mara 15. Si safari zote huishia Kampala, kwani nyingine huenda Mbarara au Mbale, mbali zaidi, au Hoima, karibu kidogo. Lakini ikichukuliwa kwamba safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 1,000, basi la timu ya Arua hukaribia kilomita 15,000 kwa msimu mmoja. Hapo bado hayajahesabiwa malazi, chakula cha watu zaidi ya 20, na mazoezi yanayopotea siku mbili kila safari.

Kwa KCCA, Express, URA au Vipers, mambo ni tofauti kabisa. Wapinzani wao wengi wako Kampala na vitongoji vyake, na mchezaji huweza kulala nyumbani kabla na baada ya mechi. Wao huiona barabara ya Arua mara moja au mbili kwa mwaka na kuilalamikia. Timu ya Arua huiona kila wiki ya pili.

Tena barabara hiyo ina shingo nyembamba. Kuelekea West Nile, magari mengi huvuka Mto Nile katika daraja la Karuma, kisha tena katika daraja la Pakwach. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia tarehe 23 Septemba 2024 hadi Desemba mwaka huo, wasafiri walilazimika kutafuta njia za kuzunguka. Msimu wa ligi ulikuwa unaendelea.

Ndiyo maana kuwa na vilabu viwili mjini Arua lilikuwa jambo lenye faida ambayo haikuonekana kwenye jedwali. Onduparaka na Arua Hill walipokutana, walicheza mechi ya ugenini isiyohitaji basi wala hoteli, na watazamaji walijaa. Onduparaka ilipoanguka, Arua Hill ilipoteza mpinzani pekee wa jirani. Msimu uliofuata nayo ilishuka.

Mpando wa 2016

Onduparaka iliingia Ligi Kuu mwaka 2016 ikiwa na kocha Livingstone Mbabazi, na ikawa gumzo. Uwanja wake ulijaa hata pale vigogo wa Kampala walipocheza mbele ya viti vitupu nyumbani kwao. Mshambuliaji wake Muhammad Shaban alitamba msimu ule wa kwanza, na mwaka 2017 akahamia KCCA. Mwaka huohuo, klabu nyingine ya West Nile, Paidha Black Angels kutoka wilaya ya Zombo, ilifika fainali ya Kombe la Uganda na kufungwa na KCCA hiyohiyo.

Vipaji na hamasa vilikuwapo, kwa hiyo, na bado vipo. Kilichokosekana ni kipato kinacholingana na umbali. Kiingilio cha mashabiki wa Arua, hata wakijaa, hulipwa siku za mechi za nyumbani tu, ilhali gharama hukua siku za ugenini. Klabu ya aina hii huishi kwa mfadhili au kwa kuuza wachezaji, na anayeuza mshambuliaji wake kila mwaka hujenga timu upya kila mwaka.

Arua Hill ilifuata njia nyingine. Mwekezaji, mhandisi Joel Aita, alichukua klabu iliyokuwapo, Doves All Stars, ikapewa jina jipya na kupanda Ligi Kuu mwaka 2021. Nchini Uganda hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na klabu kujichagulia nafasi yake: kununua nafasi iliyokwisha kuchumwa na wengine.

Msomaji anayeishi Marekani atakumbuka mfano ulio kinyume. Huko timu za vyuo huhama kutoka muungano mmoja wa ligi kwenda mwingine kwa hiari, zikifuata fedha za televisheni. Mwaka 2024 vyuo vya Stanford na California, vilivyo pwani ya Pasifiki, vilijiunga na muungano wenye jina la pwani ya Atlantiki, na muungano wao wa zamani, Pac-12, ukabakiwa na Oregon State na Washington State pekee. Vyuo hivyo vilikubali umbali kwa sababu vililipwa kuukubali. Timu ya Arua hupewa umbali uleule pamoja na kupanda daraja, na bili hutumwa kwake.

Koboko, mji wa mipaka mitatu

Koboko iko kilomita zipatazo 55 kaskazini mwa Arua, mahali Uganda inapokutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Sokoni husikika Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili. Kwa mguu wa mchezaji, majirani wa karibu ni Yei upande wa Sudan Kusini na Ariwara upande wa Kongo. Kwa kanuni za soka, miji hiyo ni ya mashirikisho mengine, na timu ya Koboko haiwezi kushiriki ligi moja nayo bila idhini maalumu. Idhini za namna hiyo zipo duniani: Cardiff City na Swansea City ni za Wales na hucheza katika ligi za Uingereza. Lakini vilabu hivyo vina historia ya zaidi ya miaka 100 katika mfumo huo.

Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005. Yumbe ilijitenga mwaka 2000, Maracha mwaka 2010, Madi-Okollo mwaka 2019 na Terego mwaka 2020. Kila wilaya mpya huleta ligi yake, na vijana wengi zaidi hupata mahali pa kucheza karibu na nyumbani. Hilo ni jema. Lakini wafanyabiashara wanaoweza kununua jezi na mafuta ya basi hawaongezeki kwa kugawanya wilaya. Kijana hodari wa Koboko, anapofikisha miaka 18, bado hutazama Arua au Kampala.

Muundo uliozua ugomvi

Mwaka 2025 FUFA ilitangaza muundo mpya wa Ligi Kuu: katika awamu ya kwanza kila timu ikutane na nyingine mara moja tu, kisha jedwali likatwe kufuatana na nafasi, na awamu nyingine zifuate. Vilabu kadhaa vikubwa, Vipers ikiwa mbele, viliupinga vikali. Hoja nyingi zilizosikika zilikuwa za Kampala: haki ya ushindani, fedha, na nani ana mamlaka ya kuamua.

Kwa klabu kama Calvary, swali ni la chini zaidi na linahesabika. Katika mzunguko wa mechi moja moja, timu yenye bahati mbaya katika upangaji ingesafiri kwenda kwa KCCA, Vipers na SC Villa bila kuwakaribisha hata mmoja wao katika awamu hiyo. Ingegharimia safari, na kiingilio kikubwa kikabaki Kampala. Ikiangukia nusu ya chini, huenda isiwakaribishe kabisa msimu ule.

Wakati huohuo, barabara ya Koboko, Yumbe hadi Moyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 105, inawekewa lami kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani ilikwisha kuwekewa. Hivyo timu ya Kampala itakayokwenda Yumbe inaweza kupita katikati ya mji wa Koboko, mji ambao bado hauna timu ya kuikaribisha katika ligi hiyo.