Kondoo Mwekundu Tuliyemdharau

Jumamosi tukikutana kwenye bucha hapa Kings Heath, mazungumzo huanzia bei ya nyama ya kondoo na kuishia nyumbani. Wengi wetu tumewahi kuwatumia wazazi fedha za kununua kondoo dume wa kisasa, tukayaita hayo maendeleo. Historia ya kondoo mwekundu wa Kimaasai inatutaka tujiulize upya.

Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo huyu alijaa katika nyanda za wafugaji wa Kenya. Hana sufu, ana manyoya mafupi na mkia wenye mafuta, na kwa Wamaasai mafuta ya kondoo hupewa mama aliyejifungua. Ni mdogo wa umbo, na udogo huo ndio uliomponza.

Miaka hiyo Kenya ilianza mpango wa ruzuku wa kusambaza kondoo aina ya Dorper. Huyu alitokea Afrika Kusini, kwa kumpandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi mwenye asili ya Usomali. Dorper hukua haraka, na soko hupenda uzito. Kosa halikuwa lake. Wafugaji hawakufundishwa jinsi ya kuchanganya mbegu huku wakitunza kundi la asili, basi watu wakapandisha ovyo. Mwaka 1992 watafiti wa mifugo walipowasaka kondoo wekundu halisi Kenya na kaskazini mwa Tanzania, waliwapata wachache mno.

Tulikuwa tunapoteza nini? Majaribio ya miaka ya 1990 huko Diani, kusini mwa Mombasa, yalionyesha kuwa kondoo mwekundu huhimili minyoo inyonyayo damu tumboni kuliko Dorper, na wanakondoo wake hufa wachache zaidi. Kinga hiyo haikununuliwa dukani. Ilijengeka kwa vizazi vingi katika malisho yale yale.

Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba mashine mpya ikifika, mchoro wa ile ya zamani hauchomwi. Hata chotara mzuri anahitaji wazazi halisi. Asili ikiisha, huna tena cha kuchanganya.

Waingereza walijifunza kwa hasara. Kati ya mwaka 1900 na 1973 walipoteza aina 26 za mifugo yao ya asili. Mwaka 1973 likaundwa shirika la Rare Breeds Survival Trust, lenye ofisi Stoneleigh, si mbali na hapa kwetu. Huhesabu mifugo iliyobaki na kuhifadhi mbegu zake zikiwa zimegandishwa. Na ajabu ni hii: Dorset Horn, mzazi wa Dorper, naye ameingia katika orodha yao ya wanaohitaji kulindwa.

Wahenga walituasa, usiache mbachao kwa msala upitao. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI hufuga kundi la kondoo wekundu huko Kapiti, Machakos, lakini kundi la watafiti haliwezi kuwa zizi la kila mfugaji. Basi simu ya nyumbani ikija kuomba fedha za dume wa kisasa, tusikatae, ila kwanza tuulize: wale wekundu wa babu wamebaki wangapi, na dume wao yuko wapi?