2,147,483,647 (namba)

2,147,483,647 (bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba nzima inayopatikana kwa kuzidisha mbili 31 kwa pamoja, kisha kutoa 1. Yaani 2³¹ − 1. Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Namba tasa za umbo la 2ⁿ − 1 huitwa namba tasa za Mersenne, kutokana na Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Hii ni ya nane. Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, n nayo lazima iwe tasa, lakini hilo halitoshi: 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Hata Mersenne aliingiza 67 na 257 zisizostahili, kwa hiyo 31 ilihitaji kuthibitishwa.

Uthibitisho wa Euler

Leonhard Euler wa Uswisi alitoa uthibitisho huo mwaka 1772. Kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46,341, hivyo kwa njia ya kawaida ingebidi kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya hapo, zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote, kama kingekuwepo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Namba za aina hiyo ni 63, 249, 311, 497, 559 na kuendelea. Hadi kikomo zipo 373 tu, na nyingi si tasa. Katika hizo tano ni 311 pekee iliyo tasa. Mwanafunzi na agawanye mwenyewe kwa kalamu: atapata baki 35.

Namba hii ikizidishwa kwa 2³⁰ hutoa namba kamilifu 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 = 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na utabiri huo ukaanguka.

Katika kompyuta

Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Ukiongeza 1, kwa kawaida hurukia −2,147,483,648. Programu inayohesabu fedha kwa senti ingekwama kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi ambacho hata duka la kawaida huweza kukipitisha.

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Baada ya hapo, mashine ambazo hazijarekebishwa zitasoma tarehe ya Desemba 1901. Dawa yake ni kutumia biti 64. Kikomo chake, 2⁶³ − 1, kinatosha sekunde za zaidi ya miaka bilioni 290, ingawa chenyewe si namba tasa: kinagawanyika kwa 7.