UZI: Punguzo la kodi kwenye bima ya afya ni la nani?

Kila mjadala wa SHA ukiwaka humu, lazima mtu aseme, "Wakenya wote sasa wanachangia sawa." Zii. Makato ni kitu kimoja, punguzo la kodi ni kingine. Twende pole pole.

NHIF ilianza 1966, na iliwalazimu tu waajiriwa wa mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu kwa mwezi. Mchuuzi, au kibarua wa mashamba ya kahawa huku kwetu Ruiru, hakuwa kwenye hesabu. Mlango wa hiari ulifunguliwa 1972. Yaani nyumba ilijengewa mwenye mshahara, wengine wakaongezewa chumba cha mabati nyuma.

Kodi nayo ikafuata njia hiyo. Kwa miaka, aliyejinunulia bima ya kibinafsi alipata nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, mwisho shilingi 60,000 kwa mwaka. Aliyekuwa na NHIF pekee? Hakuna. Alianza kuhesabiwa Januari 2022 tu!

Oktoba 2024 ikaja SHIF: asilimia 2.75 ya mshahara, si chini ya shilingi 300. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, makato hayo huondolewa kabla kodi haijapigwa. Wa mshahara wa 50,000 hukatwa 1,375, halafu kodi yake inapungua kama 412. Na kuna kitu hakizungumzwi kabisa: mfuko wa matibabu baada ya kustaafu. Ukiweka humo hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, haitozwi kodi. Ni nani Ruiru anabakiwa na 15,000 baada ya kodi ya nyumba na nauli ya Thika Road?

Sasa njoo kwa mama mboga. Anajibu maswali kuhusu paa, choo na mifugo, mtambo unamkadiria, kisha anatakiwa kulipa mwaka mzima mara moja: angalau 3,600. Punguzo linatoka kwa kodi ya mapato, na kama hailipi hiyo, hakuna cha kupunguzwa. Akiwa kwenye kodi ya mauzo pia hapati, kwani ile hutozwa mauzo yote bila kutoa gharama.

Jibu alilopewa 2025 ni Lipa SHA Pole Pole. Huo ni mkopo.