Filamu kama Hifadhi ya Ushairi wa Kinywa: Vijana wa Chicago na Shindano la 2008

Ushairi unaotungwa ili usemwe mbele ya watu humpa mwanahistoria taabu ya namna ya pekee, kwani aghalabu kinachosalia baada ya hadhira kutawanyika ni maneno matupu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalinusurika kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyahifadhi, na kwa kuwa mmishenari William Taylor aliyaandika kabla ya karne ile kwisha. Diwani tunayo. Lakini hakuna aliyetuachia habari za jinsi Muyaka alivyojiandaa kabla ya kuwajibu malenga wa Lamu: ni neno gani alilijaribu akaliacha, ni nani alimsikiliza kwanza faraghani, ni wapi sauti yake ilipanda au kushuka. Sehemu hiyo ya sanaa yake haikupata mwandishi.

Ni kwa mintarafu hiyo filamu ya matukio halisi iitwayo *Louder Than a Bomb*, iliyotengenezwa na Greg Jacobs na Jon Siskel na kutolewa mwaka 2010, inastahili kuangaliwa na wachunguzi wa fasihi simulizi hata walio mbali na Marekani. Filamu hii, yenye muda wa dakika 99, inafuata vikundi vinne vya wanafunzi wa shule za sekondari za Chicago na vitongoji vyake, wanaojiandaa kwa shindano la ushairi la mwaka 2008. Katika shindano hilo walishiriki vijana zaidi ya 600 kutoka shule zaidi ya 60. Thamani yake kubwa haimo katika fainali, ijapokuwa waandaaji wamelipanga jambo lote kama hadithi ya mchezo wa mpira yenye washindi na washindwa. Thamani imo katika majuma yaliyotangulia fainali.

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza asili ya fani yenyewe. Slemu, kama inavyoitwa, ilianzishwa na Marc Smith, mfanyakazi wa ujenzi aliyekuwa pia mshairi, ambaye hakuridhika na mikutano ya ushairi ya siku zake, ambamo msomaji aliinamia karatasi na wasikilizaji wakapiga miayo. Mnamo Julai 1986 alianza kuongoza usiku wa ushairi kila Jumapili katika kilabu ya Green Mill, mtaa wa Uptown, Chicago. Kanuni zake ni chache na ngumu. Mtunzi aseme kazi yake mwenyewe. Asizidishe dakika tatu. Asitumie ala za muziki, mavazi ya kuigizia wala vifaa. Waamuzi watano huchaguliwa, kwa desturi miongoni mwa hadhira yenyewe, na kila mmoja hutoa alama kati ya 0 na 10. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zilizobaki tatu hujumlishwa, hivyo upeo ni 30. Mwaka 1990 shindano la kwanza la kitaifa lilifanyika San Francisco, na kutoka hapo fani ikaenea Ulaya na baadaye Afrika, Nairobi ikiwamo.

Shindano la vijana wa Chicago liliasisiwa mwaka 2001 na Kevin Coval na Anna West, chini ya jumuiya ya Young Chicago Authors. Jina lake lilitokana na wimbo wa kundi la Public Enemy wa mwaka 1988. Wakati ule jiji lilikuwa limetoka katika mabishano marefu juu ya sheria ya 1992 iliyowaruhusu polisi kuwatawanya vijana waliosimama pamoja barabarani kwa kushukiwa kuwa wa magenge. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo mwaka 1999, na jiji likatunga nyingine mwaka uliofuata. Katika mji ambamo mwanafunzi wa mtaa mmoja hana sababu ya kukanyaga mtaa wa pili, na ambamo rangi ya ngozi hutabirika kwa jina la mtaa, kuwakusanya vijana mahali pamoja ili wasikilizane lilikuwa jambo zito kuliko linavyoonekana.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba mapokeo haya yalizaliwa kilabuni mwaka 1986. Gwendolyn Brooks, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer (1950), alikuwa mshairi rasmi wa jimbo la Illinois tangu 1968 hadi kufariki kwake mwaka 2000, na kwa miaka mingi aliandaa mashindano ya ushairi kwa watoto wa shule, zawadi akizitoa mfukoni mwake. Karibu naye alikuwapo Don L. Lee, mmoja wa waanzilishi wa shirika la uchapishaji la Third World Press (1967), ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliacha jina lake la kuzaliwa na kujiita Haki Madhubuti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo. Lugha yetu ilikwisha kufika Chicago na kupewa kazi ya kutaja msimamo wa mshairi, miaka mingi kabla ya vijana wa filamu hii kuzaliwa. Filamu yenyewe inashughulika na mwaka wake mmoja. Kwa nasaba hii mtazamaji hana budi kutafuta kwingine.

Sasa turejee kwenye maandalizi. Kikundi cha shule ya Steinmetz, shule ya serikali isiyokuwa na sifa kubwa mjini, ndicho kinachotoa mafunzo mengi zaidi. Katika shindano hili kila kikundi hutoa mashairi manne ya mtu mmoja mmoja na moja la pamoja, na ni hilo la pamoja linaloonyesha utunzi ukitendeka. Vijana hugawana mshororo mmoja kwa sauti mbili, hukatizana, hurudia pale ambapo pumzi imewaishia, hugombana juu ya nani aseme nini. Walimu wao huwaonya kwa ukali wanapozembea, kwa kuwa kikundi kisichoaminiana hakiwezi kupokezana neno katikati ya sentensi. Mabishano ya namna hii yangeachwa nje ya kitabu chochote cha ushairi. Mwalimu yeyote wa Kenya aliyepata kufundisha shairi la kughaniwa na kundi kwa ajili ya tamasha la shule atayatambua mara moja.

Upande mwingine yumo binti wa shule ya Oak Park, kitongoji cha magharibi, ambaye shairi lake linahusu kumtunza ndugu yake mwenye ulemavu. Anaonekana nyumbani akiishi yale anayoyasema jukwaani, na hapo ndipo swali la alama linapokuwa chungu. Mwamuzi asiyemjua anampa nambari yenye nukta ya desimali. Je, nambari hiyo inapima nini: beti, sauti, au maisha ya watu? Mhakiki Harold Bloom alilijibu jambo hili kwa dharau mwaka 2000 katika jarida la *The Paris Review*, alipoihesabu slemu kuwa kifo cha sanaa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Bloom alisikia makofi akadhani kwamba makofi ndiyo kipimo pekee. Hakutazama mazoezi, ambamo vijana hawa hurekebishana kwa ukali unaowashinda wahakiki wengi.

Lakini kuna jambo ambalo utetezi wa slemu haujalijibu vyema, na hapa mapokeo ya Kiswahili yana la kusema. Katika malumbano ya pwani, shairi huhukumiwa kwa shairi. Mtunzi hufunga fumbo, mpinzani hulifungua au hushindwa, na hadhira hushuhudia. Hata katika ngonjera alizoziendeleza Mathias Mnyampala, hoja hujibiwa kwa hoja mpaka wapinzani wapatane. Katika slemu mshindani hamjibu mshindani. Kila mmoja husimama peke yake mbele ya waamuzi na kushuka. Ushindani upo, majibizano hayapo. Matokeo yake ni kwamba mashairi mengi huelekea kwenye ungamo la nafsi, kwa kuwa hakuna wa kujibiwa isipokuwa dunia nzima. Huo si udhaifu wa vijana, ni tabia ya fani, na filamu inaionyesha bila kuitaja.

Wengi wa washiriki hao hawakuendelea kuwa washairi wa kujulikana, wala halikuwa lengo. Mmoja wao, Nate Marshall wa shule ya Whitney Young, alitoa diwani iitwayo *Wild Hundreds* mwaka 2015, na mwaka huo huo akashiriki kuhariri mkusanyo wa *The BreakBeat Poets*. Kwake mchunguzi anaweza kufanya kile kisichowezekana kwa malenga wa kale: kuiweka sauti ya kijana wa sekondari kando ya ukurasa wa mtu mzima, na kuona ni nini kilichochukuliwa na kilichoachwa. Mazingira yaliyomlea yamebadilika sana. Mashindano ya kitaifa yaliyoanza 1990 yalikoma baada ya 2018, na jumuiya ya Chicago imekwisha kuachana na viongozi wake wa wakati ule pamoja na jina la zamani la shindano. Mazoezi ya mwaka 2008 yamebaki katika filamu, pamoja na makosa yake, vicheko vyake, na ule mshororo ambao vijana wa Steinmetz waliurudia mpaka mwalimu akanyamaza.