Kabla ya Bangkok kulikuwa na Kalewa

Wasee, leo tuongee historia, lakini ile mwalimu hupita haraka. Kitabu cha shule kinasema Waafrika walipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, halafu kinaruka moja kwa moja hadi Mau Mau. Kuna swali linabaki hapo katikati. Huyu kijana aliyetolewa kwao akavushwa bahari, siku aliyofika mji wa watu wengine huko Asia, aliona nini?

Sisi wa Isiolo hii story ni yetu pia. Mji wetu ni wa askari tangu zamani. Wasomali wa Isaaq na Harti waliotumikia jeshi la Mwingereza kwenye Vita vya Kwanza walikuja kukaa hapa, na mpaka leo kambi za jeshi ni majirani zetu. Mtu kutumwa mbali na mkubwa asiyemweleza mengi, hapa si hadithi mpya.

Basi 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Bahari yenyewe ilikuwa vita. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kabla ya dakika mbili kuisha. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Titanic sote tunaijua hadi wimbo wake, lakini hii ya kwetu ni wangapi wameisikia?

Walioingia Burma walipita Bonde la Kabaw wakati wa mvua: matope, malaria, na Wajapani msituni. Tarehe 2 Desemba 1944 wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hebu fikiria, miezi yote hiyo ni msitu tu, halafu mji unaoukuta umeshapigwa mabomu. Hakuna cha kutembea kuona. Mafundi wa jeshi wakatandika daraja la chuma la zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo, na vita vikavuka kuendelea mbele.

Mji uliomfungua mtu macho ulikuwa mwingine, Calcutta kule India, ambako askari walienda likizo. Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri, alisimulia baadaye kwamba akiwa vitani askari Mwingereza alimuuliza anapigania nini hasa, kwa sababu akifa huku nchi yake haitapata kitu. Halafu Calcutta akakutana na askari mweusi wa Marekani, wakaongea kuhusu Haiti, watu weusi waliojikomboa wenyewe. Haya hakufundishwa na afisa yeyote. Aliyapata kwa kukutana na watu na kuongea nao. Miaka michache baadaye akawa Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya, mlima huo huo tunaouona kutoka hapa Isiolo asubuhi kukiwa hakuna mawingu.

Sasa njoo miaka yetu. Tangu 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu kazi feki za Thailand. Kijana anaahidiwa kazi ya mauzo au huduma kwa wateja Bangkok. Anatua uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, anapokelewa vizuri, anaingizwa kwenye gari. Gari haliendi mjini. Linaenda Mae Sot, karibu kilomita 500, kama kutoka hapa hadi Moyale. Halafu anavushwa mto Moei, anajikuta Myanmar, yaani Burma ile ile. Pasipoti inachukuliwa, anawekwa kwenye kompyuta kutapeli watu mtandaoni. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa hivyo Myanmar. Februari 2025 Thailand ilikata umeme na mafuta kwa miji hiyo ya mpakani, na maelfu wakaachiliwa, Wakenya wakiwemo.

Ukisoma vile watu huwacheka, ati tamaa, ati ujinga, inaudhi. Wengi wa kizazi cha Itote pia waliingia jeshini kwa sababu ya mshahara, na hakuna anayewaita wajinga. Tofauti ni kwamba Itote alipewa siku kadhaa za kuzunguka mji bila mtu kumshika mkono, na akarudi na maswali ambayo Mwingereza hakuyapenda. Hawa wa sasa hunyimwa hata saa moja ya hivyo, na nadhani wanaowanyima wanajua kwa nini.

Kwa hivyo ajenti akikuambia tiketi iko tayari, muulize mambo mawili: usiku wa kwanza nitalala mji gani, na pasipoti yangu itakaa na nani?