Taarifa au Agizo? Historia ya Mpaka Ndani ya Mti wa Vifaa

Mti wa vifaa ni matini inayoeleza kompyuta imeundwa kwa vipande gani: kumbukumbu iko wapi, milango ya mawasiliano ni mingapi na ina anwani zipi. Asili yake ni Open Firmware, mfumo uliotokana na kazi ya kampuni ya Sun Microsystems na kusanifishwa mwaka 1994 kwa jina la IEEE 1275. Tangu wakati huo mti ulikuwa na tawi liitwalo chosen, ambalo haliwakilishi kifaa chochote. Hubeba maagizo ya kuwashia mfumo. Waasisi, basi, hawakuyafukuza maagizo mtini. Waliyatengea mahali pake.

Mpaka huo ulipata uzito mwaka 2011. Hadi hapo bodi nyingi za ARM zilielezwa ndani ya kiini cha Linux kwa mafaili ya lugha ya C, na mwezi Machi Linus Torvalds alilalamikia hadharani mrundikano huo. Wasanidi wa ARM wakageukia mti wa vifaa, ambao wenzao wa PowerPC walikwisha kuuzoea. Kanuni iliyosisitizwa ni kwamba mti ueleze maunzi, si namna Linux inavyopenda kuyatumia. Sababu ni ya kivitendo: FreeBSD nayo husoma miti hii, na anayechanganya matakwa ya programu moja na maelezo ya bodi humfunga mnunuzi kwa programu hiyo.

Kwa jicho la mwanaisimu, kanuni hiyo inataka sentensi za taarifa na kukataza za amri. Tatizo ni kwamba sarufi ya mti haitofautishi hizo mbili. Tuchukue sifa ya current-speed, yaani kasi ya mlango unaopitisha biti moja baada ya nyingine. Katika vipimo vya Devicetree ni taarifa: programu ya kuwashia hurekodi kasi iliyokwisha kuiweka. Katika Zephyr, mfumo wa vifaa vidogo, sifa hiyohiyo yenye thamani ya 115200 ni agizo kwa kiendeshi. Zephyr haifichi jambo hili. Mwongozo wake huupa mti maunzi pamoja na mipangilio yake ya mwanzo, na kuiachia Kconfig uamuzi wa programu zipi zijengwe. Aidha, Zephyr huugeuza mti kuwa maandishi ya C wakati wa kujenga, hivyo kwa kawaida haubaki mti kifaani wa kusomwa na mfumo mwingine. Mkataba wa ununuzi unaodai “mti wa vifaa” bila kutaja unasomwa lini, na nani, bado haujamhakikishia mnunuzi uhuru wa kubadilisha programu.