Kuweka pine pana kwenye Land Cruiser ya zamani: direksio inaomba nini?

Toyota ilitengeneza Land Cruiser za aina ya 40 tangu mwaka wa 1960 hadi 1984. Wengi wenye kuwa nazo hupenda kutoa pine nyembamba za kiwanda na kuweka pana. Mmoja anatafuta sura, mwingine anatafuta kupita kwenye mchanga bila kuzama. Lakini direksio ya gari hizo ilipimwa kwa pine nyembamba. Kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, kosa la direksio halisamehe mtu.

Direksio ya zamani inafanya kazi namna gani?

Usukani unazungusha sanduku la direksio lililofungwa kwenye shasi. Sanduku linasukuma bari hadi kwenye mkono wa katikati, na mkono huo unasukuma bari nyingine upande wa magurudumu. Bari ndefu inaunganisha gurudumu la kuume na la kushoto. Kwenye viungo vya bari kuko rotile. Gari nyingi za miaka ya 1960 na 1970 haziko na direksio asiste: nguvu yote inatoka kwenye mikono ya shofere.

Pine pana inabadilisha nini?

Pine ya 7.50-16 iko na upana wa karibu sentimeta 21. Ile ya 265/75R16 iko na sentimeta 26 na nusu, hata kama kimo chake ni karibu kile kile, sentimeta 80. Mpira unaogusa udongo unaongezeka, na usukani unakuwa mzito, zaidi wakati gari limesimama.

Janti nayo ina neno lake. Kila gurudumu la mbele linageuka kwenye mhimili wake. Janti ikisukuma pine inje, pine inakuwa mbali na mhimili huo. Hapo kila jiwe linavuta usukani mikononi, na rulema zinachoka mbio. Janti ikirudisha pine ndani sana, pine inasugua resori au bari wakati shofere anakata kona hadi mwisho.

Kazi ifuate utaratibu huu

1. Kupima uchakavu kwanza. Gari liinuliwe mbele na kuwekwa juu ya vishikizo imara. Mtu mmoja atikise gurudumu, mwingine aangalie rotile, rulema na buloni za sanduku. Chenye kulegea kibadilishwe mbele ya pine mpya kuingia.

2. Kuchagua janti. Pine ya 265/75R16 inaomba janti ya inchi 7 au 8. Ile ya zamani ya inchi 5 na nusu ni nyembamba mno.

3. Kurekebisha buloni za kikomo. Ziko nyuma ya gurudumu, moja kila upande, na ndizo zinasimamisha pine isizidi kugeuka. Ziongezwe mpaka pine isiguse kitu, kuume na kushoto, gari likiwa na mzigo. Kisha gari litaomba nafasi kubwa zaidi ya kugeuka.

4. Kuweka direksio asiste. Mafundi wengi huchukua sanduku la Land Cruiser ya aina ya 60, pamoja na pompe na mipira ya mafuta. Sanduku hilo linasukuma kwa nguvu kuliko la kwanza, kwa hiyo shasi iongezewe bamba la chuma pale linapofungwa. Bila hilo, shasi inaweza kupasuka kidogo kidogo.

5. Kupima paralelisme, na kuweka gupiye mpya kwenye kila rotile iliyofunguliwa.

Mambo ya kukataa

Bari au mkono wa direksio usichomelewe, wala usipashwe moto ili kuukunja. Moto unabadilisha nguvu ya chuma, na kipande kinaweza kukatika bila kuonya. Kikipinda, kinunuliwe kingine. Amortisere ya direksio nayo haiponyeshi: inaficha tu mtikisiko wa rotile zilizokufa.

Kuko pia wakati wa kuacha pine nyembamba. Kwenye matope yenye udongo mgumu chini yake, pine ya 7.50 inakata matope na kushika udongo. Pine pana inasaidia zaidi kwenye mchanga.

Kazi ikiisha, gari lijaribiwe polepole mahali pasipo watu. Baada ya kona, usukani unafaa kurudi wenyewe katikati. Kama haurudi, ao unavuta upande mmoja, gari lirudi garaji mbele ya kupakia abiria. Kisha buloni zote zikazwe tena baada ya siku chache za barabara.